Shangazi Yako Hakuharibu Puli Zetu

Hadija mwanangu,

Umeenda kuwaaga kina Zuhura na najua hutarudi kabla ya Magharibi, maana nyie mkikutana hamna mwisho. Leo sijawasha moto. Nimekaa kwenye benchi la baba yako hapa karakana, nimechukua daftari tunaloandikia vipimo vya puli za mashine za kusaga, kwa sababu ndiyo karatasi pekee humu ndani isiyo na mafuta.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kula, wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na nne. Kama hayo hukuyasikia miaka yote hiyo, hutayasikia kwa barua. Nataka kukuandikia juu ya jambo ulilolicheka Jumapili iliyopita.

Ulikuwa ndiyo umerudi kutoka kwenye zile wiki mbili za majaribio kiwandani Dar. Ukatueleza mimi na baba yako jinsi wanavyosubu vifuniko vya pampu: kalibu ya chuma inafungwa kwa nguvu, alumini iliyoyeyuka inasukumwa ndani na pistoni, na kabla mtu hajapepesa macho kitu kimeshatoka kizima kizima. Nilifurahi mpaka nikasahau maharage jikoni. Halafu ukasema kuna dada mmoja wa zamu ya jioni, kila akishika mashine vifuniko vinatoka na matundu ndani, vinavuja, na wenzake wamembandika jina, wanamwita Mkosi. Ukasema akipita karibu na tanuri watu wanaambiana leo tumekwisha. Ukacheka. Baba yako akaacha kutafuna, akaniangalia. Mimi nikainuka kwenda kutazama maharage.

Hukujua, ndiyo maana sikukukasirikia. Lakini kazi waliyokupa ni ya ukaguzi. Wewe ndiye utakayekata kile kifuniko, uangalie tundu, ujaze fomu uandike chanzo. Ipo siku itakuwa rahisi kuandika mtu. Mimi nilishafanya hivyo, bila fomu wala kalamu, kwa mdomo wangu huu. Niliyemtaja ni shangazi yako Mwajuma, na mpaka leo, miaka kumi na moja, akienda kwenye shughuli kwao Misima haruhusiwi kugusa sufuria.

Uliwahi kuniuliza, ulipokuwa kidato cha pili, kwa nini shangazi anakaa peke yake pembeni wakati wanawake wote wako jikoni. Nikakwambia anaumwa mgongo. Nilikudanganya. Mgongo wa Mwajuma ni mzima kuliko wangu.

Sasa nisikilize vizuri, nitakueleza tangu mwanzo.

Wewe umekulia kwenye harufu ya mkaa, kwa hiyo unaona ni kawaida mwanamke kushika upawa wa moto. Haikuwa kawaida. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa fundi wa karakana ya shamba la mkonge hapa Korogwe, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka kusini kwa mkataba. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Kalibu hizi za chuma tunazotumia, vipande viwili vinavyokazwa kwa nati nne, alizichonga mwenyewe kutoka kwenye vyuma vikuukuu vya mashine za mkonge. Watu walimwambia binti yako atauharibu moto huo, mwanamke ana siku zake, alumini itakataa. Baba alikuwa anawajibu neno moja tu, "Basi njooni mmimine nyie." Hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo mimi niliyajua maneno hayo kabla sijaota matiti. Nilijua yanavyouma. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitetea leo, maana mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana mkosi angeweza kusema hakuelewa.

Nilipoolewa na baba yako, ukoo wake haukunipokea kwa mikono miwili. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, bibi yangu mmoja msikitini, mwingine kanisani, na Kizigua changu wanakicheka hadi leo. Baba yako mkubwa Athumani alikuwa ananiita "mtoto wa kambini" nikiwa nimekaa hapo hapo, kama vile sina jina. Nilipika kwenye misiba yao yote. Nilichota maji, nikaosha vyombo mpaka vidole vikanyauka, nikitegemea kwamba siku moja wataniita mke wao. Hamu hiyo ndiyo iliyoniponza, na naiandika hapa wazi kwa sababu sitaki uje uwe nayo.

Mwajuma ni mdogo wake baba yako, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mumewe alipofariki, upande wa mume ulitaka arithiwe na shemeji yake. Akakataa. Alisimama mbele ya wazee wenye ndevu zao akasema, "Mimi si jembe la kuachiana." Nilipohadithiwa nilimpenda siku hiyo hiyo. Wazee wakasema mjane aliyekataa kurithiwa hajatakaswa, anatembea na kifo cha mumewe mwilini, na popote atakapokaa kitu kitaharibika. Akabeba begi lake akaja kwetu. Baba yako akampa chumba cha nyuma, mimi nikampa kazi ya kuzungusha feni ya kuvuvia moto, ile ya gurudumu la baiskeli. Wewe ulikuwa umeshapelekwa bweni.

Mwaka ule mahindi yalikubali. Kila mwenye mashine ya kusaga, kuanzia Mkata huko mpaka Mnyuzi, alitaka puli ya kuzungushia mkanda. Baba yako anafungua na kufunga kalibu na kukereza, Mwajuma yuko kwenye feni, mimi namimina. Tulikuwa watatu, na hakuna mwingine aliyeshika upawa isipokuwa mimi.

Unakumbuka nilivyokufundisha kumimina? Unainama, unalaza kalibu kidogo, unagusisha mdomo wa upawa na mdomo wa kalibu, unaanza taratibu mpaka njia ijae, kisha unaongeza bila kusita mpaka mwisho. Hivyo ndivyo alivyonifundisha baba. Lakini ukiwa na kalibu sita zinakusubiri na wateja wamekaa nje wanakoroma juu ya magunia, kuinama mara sita kwenye joto lile ni adhabu. Nikaanza kumimina nimesimama. Naikalisha kalibu wima, naushusha moto, yaani alumini iliyoyeyuka, kutoka usawa wa kifua, unaingia kwa kishindo. Mkono ukichoka katikati nasita, nageuza mshiko, naendelea. Niliona naokoa muda. Nilijiona fundi kweli kweli.

Puli zikaanza kutoka na matundu. Kwa nje nzima, inang'aa, unaweza kujitazama sura. Baba yako akiiweka kwenye mashine ya kukereza, kisu kikila kidogo tu, matundu yanafunguka. Tuliziyeyusha tena zile mbaya, zile ambazo matundu yake hayakuonekana tukaziuza.

Siku moja Mwajuma, amekaa chini kwenye feni, macho yake yako sawa na mdomo wa kalibu, akaniambia, "Wifi, mbona siku hizi unamimina kwa juu? Zamani ulikuwa unainama. Nasikia moto unagonga humo ndani, unaruka."

Hadija, aliyeona tatizo ni yeye. Mtu ambaye hakuwa na miezi mitatu karakana aliona kwa macho na masikio yake kitu ambacho mimi mwenye moto sikutaka kukiona. Nikamjibu, "Wewe zungusha feni."

Sikumjibu hivyo kwa sababu ya kazi nyingi. Nilimjibu hivyo kwa sababu niliona mtu wa juzi anataka kunifundisha kazi ya baba yangu. Kiburi kitupu.

Wiki chache baadaye puli yetu ilipasuka Mkata. Mashine inazunguka kwa kasi, puli ikaachana vipande. Kimoja kilitoboa bati kikatokea juu, kingine kikamvunja mwenye mashine mfupa wa bega. Mungu alisaidia wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao walikuwa wametoka kidogo nje kumwangalia ng'ombe aliyeingia barabarani. Walituletea kile kipande. Nilikishika mkononi, nikaona ndani yake matundu kama ya mkate, na katikati mstari mweusi mwembamba, pale ambapo moto uliotangulia na moto uliofuata vilikutana bila kushikana. Nilikielewa kile kipande palepale. Au niseme nilielewa nusu, na ile nusu niliyoielewa niliisukuma nyuma.

Wazee wakaja kutoka Misima. Walikuja watatu, akiwemo Athumani, wakaketi sebuleni kwetu na vikombe vya chai. Hawakuuliza tunamimina vipi. Waliuliza ni nani mgeni aliyeongezeka kwenye moto wetu, na macho yao yote yakaenda kwa Mwajuma aliyekuwa amekaa mkekani. Baba yako akasema, "Jamani, hili ni jambo la ufundi." Wakamnyamazisha. Kisha Athumani akanigeukia mimi. Akasema, "Wewe mwenye moto, mke wetu, unasemaje?"

Mke wetu. Miaka yote ile nililisubiri hilo neno, likaja siku hiyo.

Nikasema, "Tangu aje, puli hazijatoka vizuri."

Angalia nilivyosema. Ukilichunguza neno moja moja, hakuna la uongo. Alikuja, na puli hazikutoka vizuri. Na wote waliokuwa mle ndani walisikia kitu kingine, na mimi nilijua watakachosikia, ndiyo maana nikalisema hivyo.

Mwajuma hakulia. Aliniangalia usoni, akasema, "Wifi, wewe ndiye unayemimina." Basi, hayo tu. Akaingia chumbani akafunga begi. Baba yako alimsindikiza mpaka stendi.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Baada ya Mwajuma kuondoka, puli zikatoka nzuri. Nzuri kabisa, bila hata tundu moja. Majirani wakasema mmeona? Athumani akatuma salamu kwamba moto umetulia. Na mimi, mtoto wa fundi, nilikubali nusu nusu, nikalala usingizi.

Kilichotokea ni kitu cha kawaida tu. Habari za Mkata zilisambaa, wateja wakatukimbia, kwa siku nikawa na kalibu moja au mbili. Na mkono wangu ulikuwa na hofu. Nikawa nainama tena, nalaza kalibu, naanza taratibu, kama siku za baba. Sikuamua kubadilika, hofu ndiyo iliyoniinamisha. Moto ukaingia vizuri, hewa ikapata pa kutokea, puli ikawa nzima. Wao wakahesabu kwamba kilichopungua karakana ni mjane.

Mwaka uliofuata wateja wakarudi. Kalibu zikawa sita tena, nikasimama tena, na matundu yakarudi. Mwajuma yuko Misima analima mihogo, hajakanyaga Korogwe, na matundu yako hapa kwenye mkono wangu.

Nilisubiri siku baba yako ameenda Mnyuzi kupima mashine ya mteja. Nikachukua puli moja mbaya nikaikata kwa msumeno. Nikakata nyingine, na nyingine. Matundu yote yalikuwa upande mmoja, ule unaotazamana na mdomo wa kalibu. Uchawi gani huo unaochagua upande? Nikang'oa kioo cha lile dirisha la stoo, nikakiegemeza kwenye nusu ya kalibu, nikaziba kingo kwa udongo. Nikachukua maji nikatia majani ya chai ili nione yanavyokwenda. Nikamimina kwa juu, nimesimama.

Maji yaliruka. Yalikwenda moja kwa moja yakapiga ukuta wa mbali, yakajikunja, yakarudi nyuma, na pale yalipojikunja yalibeba mapovu, majani ya chai yanazunguka humo humo hayatoki. Mapovu yalikaa palepale penye matundu ya puli. Nilirudia kwa kuinama, mdomo kwa mdomo, taratibu. Maji yakapanda kimyakimya kutoka chini, yakaisukuma hewa mbele yake mpaka ikatoka yote juu. Nikarudia mara ya tatu, nikasita katikati, nikaona mawimbi mawili yanakutana. Maji yakikutana yanachanganyika. Alumini yenyewe ina utando juu yake, kama maziwa yanapopoa, na ikiruka utando ule unakunjwa ndani unabaki humo. Mikondo miwili iliyoanza kupoa ikikutana, inasimama imegusana tu.

Nilikaa chini na yale maji ya chai yananilowesha kanga. Hadija, nilijua kila kitu. Nilijua puli ya Mkata ilipasuka kwa nini, bega la yule baba lilivunjwa na nani, na wifi yangu amefukuzwa kwa kosa la nani.

Nikarudisha kioo dirishani. Baba yako aliporudi nikamwambia nimefagia karakana.

Tangu siku ile ninamimina nimeinama, na puli zetu zinasifiwa mpaka Handeni mjini. Mbinu niliipata, nikala matunda yake, na ukweli nikaukalia. Miaka kumi. Kila mwaka nikisema nitasema baada ya mavuno, baada ya Mfungo, baada ya wewe kumaliza chuo cha ufundi. Na kila mwaka naenda Misima kwenye misiba na harusi namkuta Mwajuma amekaa pembeni na vikongwe. Wanasema akigusa sufuria wali utabaki mbichi. Mwaka juzi kwenye msiba wa mama mdogo alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Binti mmoja akaupokea vizuri tu, kwa adabu, "Shikamoo bibi," akaenda kuzitupa kuni zile nyuma ya choo. Mimi nilikuwa hapo nakata vitunguu. Niliendelea kukata vitunguu.

Sijawahi kujichukia kama siku ile. Naandika hivyo hivyo, usinihurumie.

Uliporudi Jumapili na hadithi ya yule dada wa zamu ya jioni, sikulala vizuri. Jumatatu nikamwambia baba yako kila kitu: kioo, majani ya chai, yote. Alikuwa ananoa kisu cha mashine. Hakuacha kunoa. Akasema, "Nilijua mwaka ule ule. Kioo ulikirudisha upande wa ndani ukiwa nje, majani ya chai yameganda kwenye kingo, na tangu siku hiyo ukawa unainama." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi, na kadiri alivyozidi kusubiri ndivyo alivyozidi kuona aibu, kwa sababu yule ni dada yake wa tumbo moja na alimsindikiza stendi mwenyewe. Tukaangaliana kama wezi wawili. Mumeo akikaa kimya kukulinda, usidhani amekulinda. Hilo siyo fundisho, ni malalamiko yangu kwake na kwangu.

Jumatano Athumani akaja kutukumbusha harusi ya binti yake, ile ya kesho. Nikamwambia palepale mlangoni, kabla hajakaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Shemeji, mambo haya yameshapoa. Ukiyafukua utawatia aibu wazee, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Na wewe mwenyewe watu watakuonaje? Nani ataleta kazi kwa fundi aliyeua puli zake mwenyewe?" Aliongea kwa upole, hata sauti hakupandisha. Akaongeza kwamba Mwajuma ameshazoea.

Ameshazoea! Nilimwangalia yule mzee nikaona sina hamu tena ya kuitwa mke wao. Iliondoka pale pale, miaka thelathini ya hamu. Nikamwambia, "Shemeji, karibu chai. Lakini nitafukua."

Wasiotaka kuleta kazi wasilete. Kalibu ni za baba yangu, moto ni wangu, na mkono huu ninaujua sasa kuliko nilivyoujua wakati wananisifu. Wazee waliokufa watanisamehe au hawatanisamehe, tutaonana huko huko. Nimechoka kuwaogopa waliokufa wakati aliye hai anatupiwa kuni nyuma ya choo.

Sasa nirudi kwako. Ile mashine yenu haina tofauti na upawa wangu, ni kubwa tu na ina haraka. Ulituambia mwenyewe pistoni inaanza polepole halafu inakimbia. Nilikuelewa kabla hujamaliza kusema, maana ndivyo alivyomimina babu yako. Ikikimbia mapema mno inakunja hewa ndani. Ikichelewa, alumini inapoa njiani na kukutana bila kushikana. Njia za kutolea hewa zikiziba kwa masizi na mafuta ya kalibu, hewa haina pa kwenda, itabaki ndani ya kifuniko. Nakuomba, kabla hujauliza nani alikuwa zamu, kata. Kata vifuniko vitatu, vinne, uvipange mezani uangalie matundu yako upande gani. Uliza zamu ya jioni wanawekewa mwendo gani wa pistoni na nani anauweka. Uliza kalibu inasafishwa lini, asubuhi au jioni. Labda yule dada anarithi kalibu iliyochafuka mchana kutwa. Labda kweli mkono wake una kasoro, basi aonyeshwe kama wewe ulivyoonyeshwa, wewe ambaye mpaka leo ugali wako una mabonge na hakuna aliyekuita mkosi.

Watakuharakisha. Msimamizi atasema jaza fomu twende. Watakucheka kwamba msichana wa Korogwe amekuja juzi anataka kutufundisha. Wape kifuniko kilichokatwa, waangalie wenyewe. Wakikuchukia, wakuchukie ukiwa umesimama. Wakikufukuza kwa hilo, rudi nyumbani kichwa juu, feni ya moto ipo na nitakukaribisha kwa furaha kuliko nitakavyokupongeza siku ya kupandishwa cheo kwa kumkanyaga mtu. Na usinifiche ukikosea. Utakosea, wewe ni mwanangu.

Na yule dada, mtafute jina lake. Hukututajia jina lake Jumapili. Ukiingia kesho kutwa, muulize anaitwa nani, kisha umwite hivyo mbele za watu.

Kuna jambo moja la mwisho. Ulidhani nitakuaga hapa stendi ya Korogwe, nikupungie mkono kama akina mama wengine. Nimekata tiketi mbili. Yako inafika Dar, yangu inaishia Mkata, nipande hapo gari la Misima. Tutakaa pamoja mpaka hapo, tutaongea mambo mengine kabisa, na nikisimama kushuka nitakupa barua hii mkononi, kwa sababu najua nikikupa mapema utataka kushuka na mimi, na kazi yako iko mbele. Baba yako tayari yuko Misima tangu asubuhi. Ameniahidi kwamba kesho hatanyamaza.

Nitafika wakati sufuria za harusi zimeshabandikwa. Sitaingia sebuleni kusalimia wazee kwanza. Nitapita uani, pale wanawake wote wa ukoo wamekusanyika, nitasema kwa sauti kwamba puli zile niliharibu mimi, kwa kumimina vibaya, na kwamba Mwajuma aliniambia na sikumsikiliza. Nitalisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kizigua changu kile wanachokicheka, asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kisha nitamfuata wifi yangu pale pembeni alipo. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kunitukana, ana haki ya kuinuka aende zake, ana haki ya kukaa kimya kama mimi nilivyokaa. Sitamwomba aseme amenisamehe. Nitakaa chini karibu naye, na shughuli yote ya kesho, mpaka watu watawanyike, hakuna sufuria nitakayogusa mimi ambayo yeye amekatazwa.

Mimi mama yako,
niliyemimina zile puli.